Kamanda Ampandisha Mgeni Ghorofani

Mlinzi wa getini, ambaye ofisi nzima ilimwita Kamanda kwa kumtania tu, alikuwa akikimezea mate kiti cha mapokezi tangu mwenye nacho ahamishiwe tawi jingine. Kiti kile kilikuwa na magurudumu, tena kilikuwa ndani, mbali na jua. Mkurugenzi akasema atamjaribu: Jumatatu angekuja mgeni asiyejua Kiswahili. Kamanda ampokee kwa Kiingereza, amfikishe ofisini kwa mkurugenzi bila kuwatia aibu.

Wiki nzima alimsumbua mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Atumie neno gani la kumwambia mgeni kwamba atampeleka? "Take" lilimtia wasiwasi, asije akaonekana anambeba mgeni kama gunia. "Lead", mkewe alimwambia, hata mwenye kuvuta ng'ombe hulitumia. "Guide" lilimfanya ajione anatembeza watalii.

"Baba watoto, si umwambie tu akufuate!"

"Hiki ni Kiingereza cha mapokezi, mama, si cha getini."

Mwishowe wakakubaliana "escort". Lina heshima, na kidogo lina sare. Akalirudia mbele ya kioo mpaka mwenyewe akajicheka, maana kidevu kilikuwa kimeshapanda cheo.

Jumatatu mgeni akafika, mama wa makamo mwenye mkoba mzito. Kamanda akaomba ruhusa ya kumsindikiza, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko suruali yake. Mgeni akatabasamu. Wakapanda ngazi, Kamanda mbele, kifua nje.

Ghorofa ya pili ndipo akili ilipomrudia. Kwani mkurugenzi anakaa wapi? Akafungua mlango wa kwanza kwa madaha: mafagio. Wa pili: mhasibu, mdomo umejaa mkate. Mwanamume mzima, neno amelikariri wiki nzima, njia haijui! Alitamani ardhi ipasuke, ila hapo chini palikuwa na ofisi za watu. Mgeni akasoma vibao vya Kiingereza ukutani, akamshika kiwiko taratibu, wakakata kushoto.

"Nimekuletea mlinzi wako," akamwambia mkurugenzi kwa Kiingereza, na hicho Kamanda alikielewa vizuri mno.

Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. "Kamanda! Miaka yote hii hujui ofisi yangu?"

"Sijawahi kuitwa huku juu, bosi."

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi akavuta kiti, akamwambia akae kwanza. Kamanda akakaa ukingoni, kofia mapajani, asijue mikono aiweke wapi.