Kofia ya Baba na Mikate Midogo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Muthoni, mvua ya mchana ikipiga mabati ya bekari ya guka wako, baba yangu, pale Sotik mpaka mtu akiongea unaona midomo tu. Nilikuwa msichana wa shule, na kazi yangu siku za mkutano ilikuwa kumimina chai. Baba anamiminiwa wa kwanza, anakunywa wa kwanza, na hakuna anayegusa kikombe kabla yake. Chai ilikuwa inapoa hapo mbele ya watu wazima, wakiiangalia tu.

Weka simu chini kwanza. Najua una haraka, na tangu wakufanye meneja wa kile kiwanda cha maziwa huko Bomet huna wakati wa kukaa na mama yako. Lakini keti. Zamu yako ya kuongea itafika.

Guka wako hakuwa mtu mbaya. Alitoka Murang'a akiwa kijana, na sufuria moja na kitabu cha nyimbo za kanisa, akachoma mkate kwa debe kabla hajajenga tanuri ya kuni. Mkate wake ulijulikana Sotik yote, hata watu wa upande wa Kisii walivuka kuja kuuchukua. Mtu akifiwa, mikate ya matanga inatoka kwa Baba bila kuulizwa. Mfanyakazi akiugua, yeye mwenyewe anampeleka hospitali. Alitupenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu haya yanayofuata yananiuma, na sitaki umchukie.

Lakini alikuwa na kofia ya kijivu ambayo haikutoka kichwani ila kwa maombi. Mkutano wa Jumamosi tuliufanya nyuma ya bekari, katikati ya magunia ya unga, sisi wa nyumbani pamoja na wafanyakazi. Ulianza kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na mwombaji ni Baba pande zote mbili. Sasa mtu akileta neno ambalo Baba halipendi, Baba hagombani naye. Hapandishi sauti. Anavua kofia tu. Akishavua, kila mtu anainamisha kichwa na kufumba macho, maana ni nani atabishana na mtu anayeongea na Mungu? Na baada ya amina hakuna kurudi nyuma. Jambo limefungwa.

Arap Koech, mzee aliyesimamia moto wa tanuri, alikuwa na maneno yake. Mtu akinyamazishwa hivyo, anamnong'oneza, "Pole, ndugu yangu. Umevuliwa kofia." Tulicheka, mwanangu, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hatukujua tunacheka msiba wetu wenyewe.

Jumamosi hiyo ninayokuambia, aliyesimama ni ndugu yangu Kamau. Unamjua mjomba wako, ukimpigia simu anasema "sawa" na "haya" mpaka unashindwa kujua kama bado yuko. Hakuwa hivyo. Kai! Kamau wa wakati huo angeongea hata na mlango. Yeye ndiye aliyepeleka mikate kwa pikapu njia ya Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, na huko alikuwa ameona jambo. Wachuna majani walinunua mkate mzima, wakaugawana, kila mtu akafunga kipande chake kwa leso na kukiweka ndani ya kikapu cha mgongoni. Mvua ikija, na huku kwetu mvua haikosi kuja, saa ya kula inafika mkate umekuwa uji.

"Baba," akasema, "tuoke mikate midogo. Mkate wa mtu mmoja. Tuifunge kwa nailoni mmoja mmoja, mtu autie kikapuni aendelee na kazi. Nimewauliza wenyewe. Wanautaka."

Akatoa mkate mdogo mfukoni, ameufunga vizuri, akauzamisha ndani ya ndoo ya maji mbele yetu sote. Akautoa, akaufungua, akaukata katikati. Mkavu kabisa. Arap Koech akasema, "Ala!" Mimi nilisahau birika mkononi.

Baba aliutazama ule mkate muda mrefu. Sasa nikiwa mtu mzima nadhani najua kilichomkwaza. Mkate haukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba mtoto wake alikuwa amefikiria jambo la bekari bila yeye.

"Watu watasema mimi Mwangi siku hizi ni mkono wa birika, anaoka mikate ya kuku," akasema. "Kama hakuna neno lingine..." Akavua kofia.

Nikafumba macho kama wengine. Baba aliomba vizuri sana siku hiyo. Aliombea mashamba, akaombea wagonjwa, akamwombea Kamau roho ya unyenyekevu. Nilipofumbua macho, Kamau alikuwa bado amesimama, na nina hakika hakuwa amefumba. Aliweka ule mkate juu ya gunia, akachukua funguo za pikapu, akaenda kupeleka mikate mikubwa kama kawaida.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo nimekufundisha mimi mwenyewe, tena kwa fimbo. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Labda kuna mtu aliwahi kuwauliza wahenga, nao wakavua kofia.

Kamau alijaribu tena baadaye, mambo mengine, mara mkate wa slesi, mara tanuri ya stima. Kofia. Mwishowe akaacha. Hakununa, hakutukana mtu, aliacha tu, na wafanyakazi wakajifunza kutoka kwake. Tanuri ikipata ufa, wanangoja Baba auone mwenyewe. Unga ukiingia wadudu, wanapepeta na kunyamaza. Baba akiuliza mkutanoni, "Kuna neno?" wote wanajibu, "Hakuna, Mzee. Vile umesema." Naye alifurahi. Alidhani hiyo ndiyo heshima. Halafu Kamau akapata kazi Nakuru, kwa bekari ya watu, akaondoka, na Baba akamwombea safari njema.

Basi siku moja nimeenda Kericho, nikaona hapo stage ya matatu mama mmoja na karai la mikate midogo, imefungwa kwa nailoni, mmoja mmoja. Wachuna majani wamemzunguka. Mtu mwingine alikuwa ameanza. Sijui wazo alilitoa wapi, na simlaumu, kwa maana wazo likikosa mlango kwako linabisha kwa jirani. Nilinunua mmoja nikaula pale pale nimesimama, machozi yakinitoka, mpaka yule mama akaniuliza nimefiwa na nani.

Bekari yetu haikuanguka kwa siku moja. Ilipungua tu, kama maji kwenye mtungi wenye ufa, hadi asubuhi moja Arap Koech akazima moto, akafunga mlango wa tanuri polepole, akaenda kwake.

Sasa sikiza hii, ndiyo inayoniamsha hata leo. Baba alipokuwa mgonjwa kitandani, Kamau alikuja kumwona. Nikatengeneza chai. Nikataka kummiminia Baba kwanza, akakataa kwa mkono, akanionyesha Kamau. Hayo sikuwa nimeyaona tangu nizaliwe. Kofia ilikuwa imeangikwa kwa msumari juu ya kitanda.

"Kamau," Baba akasema, "nimelala hapa nikifikiria. Ile tanuri bado iko. Hii kazi wewe unaijua kuliko mimi. Niambie, tungefanya nini? Sema. Leo nasikiza."

Kamau akaangalia kikombe chake. Akaangalia kofia.

"Vile utaona, Baba," akasema.

"Hapana. Wewe. Wewe unaona aje?"

"Ni sawa tu, Baba. Vile utasema."

Baba akageuza uso upande wa ukuta. Siku hiyo hakuomba. Na ile chai hakuna aliyeinywa.

Nilimsindikiza Kamau mpaka stage. Hatujafika hata barabarani, akaanza kuongea. Tanuri itengenezwe vipi, mikate gani kwanza, shule zipi za kupelekea, hata Chebunyo siku ya soko la mifugo, ambako watu wanashinda njaa na hakuna anayeoka mkate. Alikuwa nayo yote kichwani, miaka hiyo yote. Nikasimama njiani. "Sasa mbona hukumwambia? Si amekuuliza!"

"Nilitaka, Njeri," akasema. "Nilitaka sana. Mdomo ulikataa."

Baba alikufa kabla Kamau hajarudi tena. Husemwa majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye huyu nimemketisha mbele yangu.

Maana wiki jana nilipokuletea githeri ya kula mchana ofisini, niliwakuta mkutanoni, nikakaa pale mlangoni. Yule kijana wenu, Kibet, alisimama akaanza kusema juu ya wafugaji wa Chebunyo wanaomwaga maziwa ya jioni kwa sababu gari lenu hupita asubuhi tu. Hakumaliza. Ulimwambia, "Tutaangalia," ukatabasamu, ukashika simu yako. Akaketi. Na wengine wote wakatazama meza. Nilikijua kile kimya, mwanangu. Nimekimiminia chai miaka mingi.

Kwa hiyo shika haya ya mama yako. Ukiwa mkubwa, ongea mwisho, maana ukianza wewe wengine watakurudishia maneno yako mwenyewe na utaondoka ukijiona una akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtu akikuletea jambo jipya, hata kama limekukwaza, muulize swali la pili kabla hujasema hapana. Usidhani kimya ni heshima, wakati mwingine ni watu wamekata tamaa nawe. Penye wazee haliharibiki neno, ndiyo, lakini penye mzee mmoja anayeongea peke yake linaharibika na hata mji nao. Na kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote, mtafute Kibet umwambie amalize alichokuwa akisema. Kesho, wala si wiki ijayo. Mdomo wa mtu ukizoea kufungwa, siku utakayoutaka hautafunguka, hata mwenyewe akitaka.

Mungu wa guka wako akupe masikio kabla hajakuongeza cheo kingine. Akupe watu watakaokuambia ukweli ukiwa bado na nguvu za kuutumia. Maziwa yasikauke mikononi mwako, na watoto wako wabishane nawe mezani na bado wakupende.

Lakini amina siisemi bado. Chai yako hiyo, kunywa wewe kwanza, halafu uniambie ni wapi nimekosea.