Kibali cha Wimbo Usio na Maneno

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi moja ya vibali vya nyimbo hapa mjini, nyuma ya mama mpiga adungu, kile kinubi cha kwao kaskazini. Alikuwa amerekodi wimbo studio huko Mengo, na redio zilikataa kuupiga bila kibali.

Karani aliipindua fomu yake mara mbili. "Nyabo, maneno ya wimbo iko wapi? Kamati inasoma maneno."

"Haina maneno, ssebo. Ni adungu tu."

"Basi andika hata la-la-la."

"Haina la-la-la."

Karani akashusha sauti, kama anayemhurumia. "Andika kitu kidogo ya kusifu maendeleo, wakupitishie leo. Studio utarudi uimbe baadaye."

Mama akaifunua adungu aliyokuja nayo, akaiegemeza kifuani. "Hizi nyuzi tisa nimefunga mimi mwenyewe, na hakuna hata moja imeniomba maneno. Sikiliza, halafu andika wewe yenye umesikia."

Akapiga wimbo mzima, taratibu, bila kumwondolea macho. Karani alishikilia kalamu juu ya nafasi tupu ya maneno kwenye fomu mpaka mwisho, asiandike kitu. Nyuma yetu buti la askari wa mlangoni lilikuwa likifuata mdundo.

Hatimaye karani akagonga muhuri, na kwa kuwa ofisi ile haina muhuri mwingine, ukasema: MANENO YAMEKAGULIWA.

Wimbo sasa unapigwa redioni. Sijui kamati ilisoma nini, lakini sisi wa kwenye foleni tulisikia kila neno.