Wiki Tatu za Wakili

Wakili aliyeshika kesi ya mama nilimchagua mimi. Mama alitaka aende mwenyewe, kwa miguu, akamuulize karani wa baraza la ardhi namna ya kukata rufaa. Nikamwambia Kiswahili chake hakitoshi mahakamani. Mimi, mwalimu wa Nyamiaga, mtu wa chaki na tai, ningemtafutia msomi mwenzangu. Nikampata Biharamulo.

Baraza lilikuwa limempa jirani upande wa bondeni wa shamba letu la Kirushya, wenye migomba iliyotulea. Tulikuwa na siku arobaini na tano za kukata rufaa, na nakala ya hukumu nilimkabidhi wakili mapema. Siku zikaisha. Kwa wiki tatu zaidi akawa ananijibu kwenye simu kwamba mambo yanakwenda vizuri, mpaka nilipomfuata ofisini akakiri kwamba muda ulimpita. Nilimporomoshea matusi ambayo mwalimu hapaswi hata kuyajua. Baadaye aliomba aongezewe muda, ombi likatupwa: uzembe wa wakili si sababu ya kutosha.

Siku ile ya matusi nilisubiri gari Nyakanazi, nikala wali na maharage hadi nikashiba, huku nikipanga maneno ya kumwambia mama. Nilipofika Kirushya nilimkuta bondeni anatandaza nyasi kwenye migomba. Jirani alikuwa bado hajaja kulichukua eneo lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lufaa yetu imefika wapi?"

"Iko njiani."

Ikawa njiani miezi saba. Kila Jumamosi nilimkuta na mzigo mwingine wa nyasi kichwani, akiirutubisha ardhi ambayo tayari ilikuwa ya mtu mwingine. Nami nilimpokea mzigo, nikamsaidia kutandaza. Naona aibu kuyaandika haya. Lakini nyani haoni kundule. Wakati ule hasira zangu zote zilikuwa kwa wakili, na nilizifurahia.

Hasira hizo ndizo zilizonipeleka kwa wakili mwingine, mjini Ngara, tumdai yule wa kwanza fidia kwa uzembe wake. Akaandaa hati ya madai. Nikataka kusaini, akanicheka. Shamba ni la mama, kesi ni ya mama, mdai ni mama.

Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwa maneno yangu, nikamsomea hati tu, tumekaa jikoni. Aliposikia kwamba rufaa haikuwahi kukatwa, hakulia. Aliniambia niendelee kusoma. Nikafika aya ya sita, ambayo nilimsaidia wakili kuiandika kwa ukali wote nilionao: kwamba mdaiwa, akijua fika muda umepita, alinyamaza kwa wiki tatu na kumwacha mama mzee aendelee kuamini.

"Wiki tatu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua lini?"

Nikamwambia.

Akaitazama mikono yake, iliyokatwakatwa na nyasi. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza mahali nilipomwonyesha, akanirudishia karatasi.

"Huyu wa wiki tatu tumempeleka mahakamani," akasema. "Wewe wa miezi saba nikupeleke wapi?"