Mheshimiwa kwenye Sinki la Mama

Mama mdogo alipoingia bunge la Uholanzi, aliyebadilisha mwendo ni mama yangu. Hospitalini alikofanya kazi, hapa mjini kwetu Coon Rapids, Marekani, alianza kupita kwenye korido kama mtu anayefuatwa na walinzi. Kanisani alisimulia jinsi mdogo wake alivyofika Ulaya akiwa mwanafunzi mwenye koti la kuazima, akajifunza lugha yao ya kukwaruza koo, akawa diwani, hatimaye mbunge. Jambo moja tu aliliruka: mbunge huyo alikwenda kazini kwa baiskeli.

"Watu hawataelewa," aliniambia.

Basi Mama mdogo aliposema anakuja kututembelea, Mama alialika kanisa zima. Mimi nilitumwa uwanja wa ndege. Alitoka akiburuta begi dogo, theluji ikamwangukia kwenye kope, na kabla hatujaingia barabara kuu akasema, "Nimeanguka. Kiti sina tena, na mama yako hajui."

"Utamwambia lini?"

"Leo, kabla hajanitambulisha kwa watu. Siwezi kukaa nikishangiliwa kwa kazi ambayo sina."

Tulikuta wageni wameshajaa. Mama mdogo alipita katikati yao, akakunja mikono ya sweta, akasimama kwenye sinki.

"Dada, nina neno."

"Toka hapo. Mheshimiwa haoshi vyombo."

"Ndilo neno lenyewe."

"Litangoja hotuba. Nenda mbele, kuna kiti nimekitandikia kitambaa."

Alijaribu tena, akapewa sahani ya kuku. Kisha mzee wa kanisa, mshereheshaji wetu wa kudumu, akashika maikrofoni ambayo sebule yetu haikuihitaji. Aliomba, akashukuru, akaomba tena, ndipo akamwita Mheshimiwa Mbunge asalimie watu.

Mama mdogo akasimama. "Mimi si mbunge tena. Nilishindwa uchaguzi."

Nilimtazama Mama. Upawa wake ulikuwa umeganda juu ya pilau.

"Walikuibia kura," mzee akasema, kwa upole wa daktari.

"Hapana. Watu walichoka na chama chetu."

"Hivyo ndivyo wanavyokuambia."

"Na kesi mahakamani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Sina kesi. Niliwapongeza walioshinda."

Hapo chumba kizima kikaguna. Kushindwa wangemsamehe, kupongeza kuliwaumiza.

"Mheshimiwa," mzee akaendelea, "hata hapa kuna viti vya kugombea. Baridi umeshaizoea."

Niligundua kwamba hawatamwacha. Kwetu aliyewahi kukaa bungeni huzikwa na cheo chake. Mama mdogo alirudi kwenye kile kiti cha kitambaa, akakaa kama mshtakiwa.

Mama akaja, akamsimamia. "Umeniacha nichinje kuku wote wale?"

"Nilikuambia nina neno."

Mama alimtazama yule mdogo wake ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemtazama kwenye picha tu. Kisha akavua aproni yake, akamrushia.

"Sinki unalijua."

Mama mdogo aliinuka kwa wepesi wa mtu aliyefunguliwa pingu. Mzee akaanza, "Lakini Mheshimiwa hawezi..."

"Huyu ni mdogo wangu," Mama akasema. "Ile sufuria iliyoungua, hakuna mtu kuigusa. Ni yake."

Maji yakafunguliwa jikoni. Mama akaketi kwenye kiti cha kitambaa, akanyoosha miguu, akawageukia wanawake wenzake.

"Na bungeni alikuwa anakwenda kwa baiskeli," akasema. "Hata mvua ikinyesha."