Waliosukuma gari ya baba

Vita ilinichukulia baba na nyumba. Gari yake ya zamani ilibaki kwa sababu aliitoa magurudumu, akaiweka juu ya mawe, askari wakaiacha. Mimi nilipoirudisha barabarani, nilificha swichi chini ya kiti. Usipoibonyeza, moteri haiwaki, hata ukiwa na funguo.

Jumamosi moja nilikuwa sokoni, mwizi akaingia ndani. Gari ikakataa. Lakini huku mtaani kwetu Kasha tunakaa kwenye muteremko. Akasema tu, "Bapapa, munisaidie kidogo," na majirani wakasukuma. Nawataja: katekista, shefu wa avenue anayeongoza barabara yetu, na fundi cherehani wa mulango wa pili. Wote wanajua gari ile ni ya nani. Walisukuma mchana kweupe, wakicheka!

Nikaikuta chini kabisa, pua ndani ya mutaro, mwizi amekimbia.

"Maman, tulizani ni fundi wako wa gari," akasema shefu.

"Fundi wangu unamujua tangu zamani! Huyu ulimuuliza nini?"

"Sasa mutu akiomba kusukumiwa, unaanza kumuuliza baba yake nani?" katekista akajibu.

Fundi cherehani akajipangusa mikono. "Maman, utupe hata bière ya kunywa, tukupandishie gari."

Nikawapa. Ningefanya nini, gari iko ndani ya mutaro? Kisha nikaita fundi wa kusudira, yule wa kuunganisha chuma kwa moto, akaweka pete ya chuma ukutani, na gurudumu nalifunga hapo kwa munyororo. Na kila siku ya Mungu, kanisani, katekista akininyooshea mukono wa amani, mimi naangalia altare.