Baba alifunga hosteli December ya 2007 ili wapangaji wake wasipige kura

Wakuu, niaje.

Hii stori nimekaa nayo miaka, na kila uchaguzi ukikaribia inanirudia. Majina nimebadilisha. Mengine yote nawaandikia vile yalitokea, hata pale familia yangu haionekani vizuri.

2007 nilikuwa college huko town, Nairobi, upande wa Ngara. Baba alikuwa na plot Kangemi, ng'ambo ya Waiyaki Way ukitoka Loresho. Vyumba vya nyuma alikuwa amegeuza hosteli, na wengi waliokaa huko walikuwa classmates wangu. Mimi ndio nilimletea. Mzee alikuwa anafurahia sana.

Mwaka huo nikashikwa na hii mambo ya kuandikisha watu kura. Hakuna mtu alinituma. Niliona tu tunakaa canteen tunatukana serikali kutwa nzima, halafu ukiuliza nani ako na kadi ya kura, hakuna.

Nikaanza kuwasumbua. Jumamosi nawaamsha, nawakokota mpaka shule ya msingi karibu na hosteli, mahali makarani wa uchaguzi walikuwa wameweka meza.

Zuhura ndiye alinitoa jasho. Alikuwa wa Mombasa, na hakuwa na kitambulisho. Kila akienda kuomba anaambiwa alete cheti cha babu yake.

"Babu mwenyewe hajui alizaliwa lini," aliniambia. "Hicho cheti nikitoe wapi mie?"

Tulirudi ile ofisi mpaka askari wa gate akawa anatusalimia kwa majina. Kitambulisho kilitoka registration ikikaribia kufungwa. Siku alipata kadi ya kura alimpigia mamake simu akamsomea kila kitu kilichoandikwa, mpaka credit ikaisha.

Kulikuwa pia na Otieno, wa Homa Bay. Kijana mpole. Aliniambia, "Ciru, nitaandikisha, lakini usinihubirie." Nikamwambia sawa.

Sasa shida.

Jioni moja tunakula, baba akaniuliza, "Hao watoto unaandikisha, watapigia nani?"

"Sijui. Sijawauliza."

"Unajua. Majina yao si unayajua?"

Wale mnakumbuka huo mwaka mnajua. Jina lako lilikuwa linaingia kwa chumba kabla yako: linaonyesha kabila, na kabila ndio kura.

December ikafika. Mzee akatangaza hosteli inafungwa mpaka January, ati anapaka rangi. Wakuu, hiyo plot haikuwa imewahi kuona brashi. Na kura ilikuwa tu baada ya Krismasi, na kadi zao zote zilikuwa za kituo cha hapo.

Nikamuuliza mbele ya mathe, mamangu, "Baba, ni rangi ama ni kura?"

"Ni plot yangu," akasema, akaendelea kukula.

Kutoka hapo sikutulia. Nilikuwa nakaa chini nasimama, naenda mpaka gate narudi. Mathe akaniuliza kama niko na minyoo. Nilikuwa nafikiria vile nimewatesa hawa watu miezi yote hiyo, na sasa ni babangu mwenyewe amewafukuza.

Wengine walienda kwao na sikuwalaumu. Lakini Zuhura alikataa. "Wewe tulia. Mimi Mombasa siendi kabla sijapiga kura yangu."

Shangazi yake alikuwa na duka Ngara na flat juu yake. Akawachukua wasichana. Otieno na wenzake wakabanana kwa chumba cha msee mwingine hapo karibu. Asubuhi ya kura shangazi angewapa Nissan, ile van ya duka, iwalete.

Hiyo Nissan ndio karibu ituue.

Mimi nilienda kituoni, pale shule ya msingi, na wazazi, kwa miguu. Laini ilikuwa imezunguka field yote. Watu wamesimama tangu alfajiri, wamechoka, kila mtu ameshika simu anasikiza uvumi. Halafu gari likasimama kwa gate, vijana wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na buibui ya Zuhura mbele.

Mtu akapiga kelele, "Hao wameletwa!"

Basi. Neno hilo tu, kumaanisha wametolewa kwingine waje kuiba kura. Watu wakawazunguka. Jamaa mmoja akamshika Otieno kola. Polisi walikuwa mbali, kwa mlango wa darasa.

Zuhura alikuwa ameinua kadi juu. "Someni! Kituo ni hiki hiki! Mbona hamsomi?"

Hakuna aliyekuwa anasoma. Nikakimbia katikati nikisema ni wa hapa, nawajua. Mwanamke mmoja akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye amewaleta!"

Nikamtafuta baba. Alikuwa kwa laini, karibu kuingia darasani, anaangalia shingo ya mtu aliye mbele yake kama hasikii.

"Baba!"

Hakugeuka. Nikamwita tena.

Akatoka kwa laini. Alikuja pole pole, na watu wakampisha kwa sababu wanamjua.

"Wachana na huyo," akamwambia yule jamaa.

"Mzee, hawa si wa huku."

"Wanalala kwangu. Huyu ni chumba cha kona. Huyo msichana ni pale kwa tangi. Ni mimi niliwafungia nyumba, ndio unaona wanatoka mbali."

Akautoa mkono wa jamaa kwa kola, kidole kwa kidole. Kelele ikashuka.

Kurudi, nafasi yake kwa laini ilikuwa imeenda. Hakubishana. Akaenda mwisho kabisa, nyuma ya Otieno. Walisimama pamoja kwa jua masaa mengi. Nilisikia tu mara moja:

"Umekunywa chai?"

"Bado, mzee."

Wote walipiga kura. Zuhura alitoka ameinua kidole chenye wino, analia.

Yaliyofuata matokeo, watu kuuawa na kufukuzwa makwao, mnayajua, sitayarudia. Otieno alitoka Nairobi na msafara uliokuwa na polisi, akamalizia masomo Kisumu. Majirani wengine waliacha kumsalimia baba, na kuna wale mpaka leo hawamsalimii. Hajawahi kuniambia nilikuwa right. Siku moja tu, tukiwa tunatengeneza ua, alisema:

"Ungeniuliza kwanza, kabla uwaandikishe."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema.

Nilichojifunza ni hiki: kumpeleka mtu kuandikishwa ni sehemu ile rahisi. Kabla umsukume, jua siku yenyewe atalala wapi, atafika vipi, na ni nani atafungua mdomo wakimzunguka.

Sasa wenye hosteli mko hapa, mlifunga ama mliwaachia? Na wewe ulikuwa mwanafunzi huo mwaka, ulifika kituoni? Semeni, nasoma zote.