Jiwe la Bibi Sesilia

"Bibi, mbona kila siku unasimama kwenye jiwe hili?" Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu.

"Namsubiri mchumba," alisema, akatua tenga lake la kabichi, akanifukuza nisichelewe shule.

Bibi Sesilia ni jirani yetu hapa juu ya Lukozi. Bustani yake iko bondeni, barabara iko juu, na katikati kuna kilima ambacho pikipiki haikiwezi. Kabichi hupandishwa kichwani. Nyonga yake ya kushoto ilimsumbua tangu nilipopata akili, kwa hiyo alipanda taratibu, akatua jiweni, akapanda tena. Safari mbili kwa siku. Nyonga ikianza kuuma kabla ya jiwe, basi, kabichi zilizobaki zinalala shambani. Njia ikiwa na matope ungejua amepita: mguu wa kulia unyayo mzima, wa kushoto vidole tu.

Nilipofika darasa la sita, daktari wa zahanati alimpa vidonge vya diklofenaki, vya kutuliza maumivu. Alimwambia ale kwanza, ameze kwa siku chache, na mizigo aipumzishe. Asubuhi ya pili alilipita jiwe bila hata kuliangalia.

"Dada, umeazima miguu ya nani?" jirani yetu Twaha alimpigia kelele.

"Ya mkeo! Mwambie leo haendi kuni!"

Watu walicheka sana, mimi nikapiga makofi. Mama yangu peke yake hakucheka. "Nyonga ile haijapona," alisema. "Imenyamaza tu."

Vidonge vilipoisha alinunua vingine dukani. Akaanza kumeza kabla ya kubeba, kama mtu anayenoa jembe kabla ya kulima. Safari mbili zikawa nne, zikawa tano. Nikienda shule nilizitazama nyayo zake: mguu wa kushoto sasa ulizama sawasawa na wa kulia. Nikadhani hivyo ndivyo kupona kunavyoonekana. Halafu kidonge kimoja kikawa viwili, na jioni, akiwa kibarazani, aliishika nyonga kwa mikono yote miwili, kana kwamba kuna kitu ndani anakizuia kisitoke. Nikimuuliza anasema, "Baridi tu."

Masika ya mwaka juzi nilimkuta kilimani, tenga kichwani, amesimama. Si jiweni. Chini yake kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Mguu haunyanyuki," alisema polepole, akinitazama kama vile mimi ndiye ninayejua sababu. Kisha tenga likaanguka, na kabichi zikabingirika moja moja hadi mtoni.

Picha ya eksirei ilionyesha kiungo cha nyonga kimelika, mfupa unasaga mfupa. Daktari yule wa zahanati hakumgombeza. Aliuliza tu, "Mizigo uliipumzisha, mama?" Bibi Sesilia akatazama dirishani.

Sasa niko kidato cha tatu, naye anatembea kwa magongo mawili mpaka jiweni, hapo ndipo mwisho wake. Jana nilikaa naye pale, nikamuuliza tena swali langu la zamani. Safari hii hakutania.

"Jiwe hili mimi sikulichagua, mjukuu wangu. Nyonga ndiyo ilikuwa inaniambia tua. Nikaipa dawa isiseme, halafu nikasahau kutua."